Kung'oa thamostati si tiba ya injini inayochemsha

AGHALABU msafiri katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, au yule anayepanda mlima kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, hukuta magari yameegeshwa kando ya barabara boneti zikiwa wazi, mvuke ukifuka na dereva amesimama na mtungi wa maji mkononi. Safari imekatika, abiria wamekasirika, na ikiwa jua limetua, hofu ya usalama nayo imeingia.

Wengi wa madereva hao wanapofika gereji huambiwa jambo moja: thamostati ing'olewe, itupwe, na gari liendelee bila hiyo. Ushauri huo umerudiwa kwa miaka mingi hivi kwamba wenye magari wengi huuchukua kuwa kanuni.

Ukweli ni kwamba katika magari mengi yaliyomo nchini, kung'oa kifaa hicho ni kuondoa kilinzi cha injini bila kutibu maradhi. Mara nyingine hatua hiyo huongeza joto badala ya kulipunguza. Kwa upande mwingine, thamostati mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu katika gari, na mtu aliye na spana chache na subira anaweza kuibadilisha nyumbani. Kilicho muhimu ni kujua kwanza kama kweli ndiyo iliyoharibika.

KAZI YA THAMOSTATI

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, gesi huweza kupata joto la zaidi ya nyuzijoto 2,000 za Selsiasi. Ni sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo inayozungusha magurudumu. Sehemu nyingine hutoka kupitia ekzosi, na takriban thuluthi moja huingia katika maji yanayozunguka ndani ya kuta za injini.

Pampu ndiyo inayoyasukuma maji hayo. Yakitoka katika injini huenda kwenye rejeta, ambako hupita katika vijibomba vyembamba vinavyopulizwa na upepo wa safari au wa feni, kisha hurejea yakiwa yamepoa.

Thamostati ni mlango uliowekwa katika njia hiyo. Injini ikiwa baridi, mlango hufungwa na maji huzunguka ndani ya injini pekee ili ipate moto haraka. Joto likifika kiwango kilichowekwa, mlango huanza kufunguka na kuyaruhusu maji yapite kwenye rejeta. Joto likishuka, mlango hujirudisha.

Kifaa hiki hakitumii umeme katika magari mengi. Ndani yake mna kikopo kidogo cha shaba kilichojazwa nta. Nta hiyo ikiyeyuka hupanuka kwa nguvu, ikasukuma pini na kushinda springi inayoufunga mlango. Utaratibu huo ulibuniwa nchini Marekani na Sergius Vernet katika miaka ya 1930, na ndio unaotumiwa hadi leo.

Kiwango cha kufunguka hupigwa chapa juu ya thamostati yenyewe. Kwa magari mengi ya Toyota yanayotumika hapa nchini ni karibu nyuzijoto 82, na mlango huwa wazi kabisa joto likifika takriban 95. Magari mengine hutumia 88 au zaidi. Mtengenezaji ndiye anayechagua nambari hiyo kulingana na injini, wala si muuzaji wa vipuri.

DHANA KUWA NI YA NCHI ZA BARIDI

Wanaopendekeza kuing'oa husema kwamba thamostati iliwekwa kwa ajili ya Wazungu na Wajapani wanaoishi katika theluji. Eti hapa kwetu jua linatosha.

Hoja hiyo haina mashiko. Hata mchana wa Lodwar, hewa ikiwa na nyuzijoto 35 au zaidi, bado pana pengo la zaidi ya nyuzijoto 40 kabla ya kufikia 82. Kwa injini, Lodwar ni baridi, Mombasa ni baridi, na asubuhi ya Limuru ni baridi zaidi. Kote huko injini yahitaji kufanya kazi katika joto lile lile iliyoundiwa, na bila thamostati hulifikia kwa kuchelewa au haifiki kabisa.

Injini isiyopata moto wa kutosha hunyunyiziwa petroli nyingi kuliko inavyohitaji, kwa kuwa kompyuta ya gari hudhani ndiyo kwanza imewashwa. Petroli isiyoungua huteremka kando ya pistoni na kuchanganyika na oili. Unyevu nao hubaki katika oili badala ya kukauka, na mwishowe huwa tope. Silinda na pete za pistoni hulika mapema. Mwenye gari huona tu kwamba tangi linakwisha upesi, asijue sababu.

Magari yanayosomwa kwa kompyuta huonyesha kosa hilo. Nambari P0128 inapotokea kwenye mashine ya fundi, maana yake ni kuwa injini haifikii joto linalotarajiwa, na mara nyingi chanzo ni thamostati iliyokwama ikiwa wazi au iliyong'olewa.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Katika injini nyingi za kisasa thamostati ina kazi mbili. Inapofungua njia ya rejeta, kisahani kilicho nyuma yake huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Maji husafiri panapo wepesi, kwa hivyo sehemu yake hurudi katika injini yakiwa moto vile vile yalivyotoka. Gari lililong'olewa thamostati ili lisichemshe huweza basi kuchemsha zaidi, hasa likipanda mlima na mzigo.

Si haki kuwalaumu mafundi wa jua kali peke yao. Zamani injini nyingi hazikuwa na kisahani hicho, na vipuri halisi vilikuwa adimu. Fundi aliyekwama na lori barabarani aliitoa thamostati iliyofungika, na gari likafika. Lililokuwa suluhu la dharura likageuka kuwa desturi, hata kwa injini ambazo hazilivumilii.

TAFUTA CHANZO KWANZA

Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya kununua chochote, mwenye gari ajiulize: joto hupanda lini, na katika hali gani? Jibu la swali hilo huonyesha mahali pa kuanzia.

Gari likichemsha katika msongamano wa magari lakini likapoa linapoenda kasi, shuku feni. Likiwa limesimama, rejeta haina upepo mwingine. Washa kiyoyozi, katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni hupaswa kuanza mara moja. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei na nyaya zake. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini haizunguki injini inapopata moto, huenda sensa ya joto ndiyo yenye kasoro.

Gari likiwa sawa mjini lakini likachemsha katika mwendo wa kasi au mlimani, yaelekea maji hayapiti vya kutosha katika rejeta. Huenda vijibomba vimeziba kwa kutu na chumvi, au mapezi ya nje yamejaa vumbi, matope na wadudu. Pampu iliyolika nayo huleta dalili hiyo.

Joto likipanda dakika chache tu baada ya kuondoka nyumbani, ilhali mpira mmoja wa maji umekuwa moto sana na mwingine, au upande wa chini wa rejeta, bado ni baridi, yamkini thamostati imekwama ikiwa imefungwa. Hata hivyo, pampu mbovu au rejeta iliyoziba kabisa huweza kuonyesha hali kama hiyo. Hii ndiyo sababu thamostati hujaribiwa kabla ya kuhukumiwa.

Geji ikikaa chini muda wote, hasa katika mwendo wa barabara kuu, na hita haitoi joto la maana, thamostati imekwama ikiwa wazi, au haipo. Aliyenunua gari lililowahi kutumika nchini asishangae akifungua na kukuta nyumba ya thamostati ni tupu.

Maji yakipungua kila siku, tafuta yanakovuja: mipira iliyopasuka, vibanio vilivyolegea, rejeta, na tundu dogo chini ya pampu. Egesha gari juu ya katoni usiku kucha na uangalie alama asubuhi. Usisahau zulia la abiria wa mbele. Likilowa maji yenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Maji yakipungua bila kuonekana yanakokwenda, jihadhari. Moshi mweupe usiokoma kutoka ekzosi, oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, au mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta baada ya kuiwasha injini baridi, ni dalili za gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Hapo thamostati mpya haitasaidia, na kazi ni ya fundi aliyebobea.

Dereva azingatie pia kwamba geji huweza kudanganya. Maji yakiisha kabisa, sensa hubaki hewani na mshale huweza kushuka ghafla ilhali injini inaungua. Baadhi ya magari madogo hayana mshale hata kidogo, bali taa ya buluu ya baridi na nyekundu ya joto. Kwa magari hayo, taa nyekundu ikiwaka hakuna muda wa kubahatisha.

KIFUNIKO NA MWINUKO WA NCHI

Sehemu moja hupuuzwa kuliko zote nayo ni kifuniko cha rejeta. Wengi hukiona kama kizibo cha chupa, kumbe ni vali inayoyaweka maji chini ya shinikizo.

Mombasa, penye usawa wa bahari, maji katika sufuria huchemka yakifika nyuzijoto 100. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, huchemka karibu nyuzijoto 94. Timboroa, ambako barabara ya Nakuru kwenda Eldoret hupita mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, maji huchemka karibu 91. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji hupata wepesi wa kugeuka mvuke.

Kifuniko kizima hufidia pengo hilo. Chenye chapa ya 0.9 au 1.1 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzijoto 20, hivi kwamba maji yaweza kupita 100 bila kutokota. Lakini mpira wake ukikauka au springi ikichoka, shinikizo hupotea. Gari lililokuwa sawa Mombasa litaanza kutokota likikaribia nyanda za juu, na dereva ataambiwa thamostati ni mbovu.

Hivyo basi, kagua kifuniko kabla ya kitu kingine chochote. Mpira uliopasuka au kubonyea, ama kutu chini ya springi, ni sababu tosha ya kukibadilisha. Kipya kiwe na nambari ile ile iliyopendekezwa na mtengenezaji, wala si kubwa zaidi, kwani shinikizo lililozidi hupasua mipira.

KUITOA THAMOSTATI

Kazi hii ifanywe injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla ya gari kuwashwa. Kifuniko cha rejeta yenye moto kisifunguliwe kamwe. Shinikizo likiondoka ghafla, maji yaliyo juu ya nyuzijoto 100 hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Watu wamepoteza macho na ngozi kwa kosa la nukta moja. Ondoa pia waya hasi wa betri, kwani feni ya umeme huweza kuanza yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Vifaa vinavyohitajika ni spana za boksi, aghalabu nambari 10 na 12, koleo ya kubania klipu, bisibisi, karai la kukingia maji, kisu butu cha kukwangulia na kitambaa safi. Andaa thamostati mpya pamoja na pete yake ya mpira au gasketi.

Egesha gari mahali tambarare na uvute breki ya mkono. Fungua kifuniko, weka karai chini ya rejeta, kisha fungua kizibo cha kutolea maji. Kingia maji yote. Dawa ya rejeta yenye ethilini glaikoli ni sumu kali, nayo ina utamu unaowavutia watoto, mbwa na paka. Isimwagwe mtaroni wala kuachwa katika chupa ya soda; itiwe katika mtungi wenye kifuniko na kuwekwa mbali.

Fuata mpira mkubwa wa rejeta hadi unapoingia katika injini. Katika magari mengine thamostati iko mwisho wa mpira wa juu, na katika mengine, zikiwemo injini nyingi za Toyota, iko mwisho wa mpira wa chini. Utakuta kifuniko cha chuma au plastiki kilichoshikwa kwa bolti au nati mbili au tatu. Hiyo ndiyo nyumba ya thamostati.

Iwapo nyumba hiyo imejificha nyuma ya altaneta au chini ya mabomba mengi, na hujawahi kufungua vifaa hivyo, ni heri kumwita fundi.

Legeza klipu, uzungushe mpira polepole hadi uachie, kisha ufungue bolti. Bolti iliyoshikwa na kutu isilazimishwe. Ipulizie mafuta ya kulainisha na kuisubiri. Bolti ikikatika ndani ya alumini, kazi ya saa moja huwa ya siku mbili. Kabla ya kuitoa thamostati, tazama vizuri au upige picha kwa simu jinsi ilivyokaa.

JARIBIO LA SUFURIA

Thamostati ikiwa mkononi, itazame kwanza. Ikiwa wazi ilhali ni baridi, imekufa. Ikiwa imefungwa, ijaribu.

Chukua sufuria kuukuu ambayo haitapikiwa tena. Ifunge thamostati kwa uzi na kuining'iniza ndani ya maji bila kugusa chini, kwa maana kitako cha sufuria huwa moto kuliko maji yenyewe. Tia kipimajoto ikiwa unacho, kisha washa moto wa wastani. Yenye chapa ya 82 hupaswa kuanza kuachia karibu na kiwango hicho, na kuendelea kufunguka maji yanapozidi kupata moto. Itoe, iache ipoe, na uhakikishe kwamba imejifunga yote.

Asiye na kipimajoto anaweza kuyachemsha maji hadi yatokote. Ikiwa ni ya 82 na haikufunguka hata kidogo katika maji yanayotokota, haifai. Lakini wakazi wa nyanda za juu wakumbuke mwinuko. Kule Timboroa maji hutokota karibu nyuzijoto 91, kwa hiyo thamostati yenye chapa ya 88 itafunguka kidogo tu. Hiyo si ithibati kuwa ni mbovu.

Thamostati mpya nayo ipitishwe katika sufuria hiyo hiyo kabla ya kuwekwa. Vipuri bandia vimejaa sokoni, na kilichofungwa katika boksi zuri huweza kuwa hakifunguki. Anayenunua Kirinyaga Road jijini Nairobi au duka la mtaani aende na cha zamani mkononi, alinganishe kipenyo, urefu, kisahani cha nyuma na nambari ya joto. Asikubali kupewa chenye nambari ya chini kwa madai kuwa kitapoza zaidi. Thamostati haiongezi uwezo wa rejeta. Huamua tu lini mlango ufunguke.

Ikiwa ya zamani imefaulu jaribio, basi si yenye hatia. Rudi kwenye orodha ya dalili na uikague pampu, rejeta na feni. Fedha ulizotaka kutumia zitakuwa zimeokolewa na sufuria ya maji.

KUIWEKA NA KUTOA HEWA

Kwangua mabaki ya gasketi na kutu mahali pa kukalia bila kuchuna alumini, na usiache uchafu kuangukia ndani. Valisha pete mpya ya mpira. Upande wenye springi na kikopo cha nta huelekea ndani ya injini, kwani huko ndiko joto linakopimwa. Aliyeiweka kinyume atachemsha gari kabla ya kufika lango la jirani.

Thamostati nyingi zina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza. Hicho ni njia ya hewa, na hupaswa kukaa upande wa juu. Rudisha nyumba, kaza bolti kwa zamu hadi zishike sawasawa, bila kutumia nguvu nyingi. Kisha rudisha mpira na klipu yake, funga kizibo cha rejeta na kurejesha waya wa betri.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi. Hewa ikibaki ndani ya injini huunda povu linalozuia maji, na gari litachemsha likiwa na kipuri kipya kabisa. Jaza maji polepole huku ukiiminya mipira kwa mkono. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, weka hita kwenye joto la juu, na uiache ingurume bila kukanyaga mafuta. Mapovu yatatoka na maji yatashuka. Ongeza kidogo kidogo. Thamostati ikifunguka, mpira uliokuwa baridi utapata moto, na hita itatoa hewa ya moto. Maji yakianza kupanda na kutaka kufurika, funga kifuniko na usubiri feni iwake na kuzima.

Zima gari, liache lipoe kabisa, kisha ongeza maji katika rejeta na katika chupa ya akiba hadi alama ya juu. Endesha mwendo mfupi karibu na nyumbani huku ukitazama geji na kuchungulia kama kuna panapovuja. Kagua tena asubuhi kwa siku mbili tatu.

MAJI GANI YATUMIKE?

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya rejeta ni ya kuzuia barafu tu, na kwa kuwa hapa hapana barafu, maji ya mfereji yatosha. Kazi yake hapa nchini ni nyingine: huzuia kutu, hulainisha pampu, na hupandisha kiwango cha kuchemka.

Maji ya visima katika sehemu nyingi za Ukambani, Pwani na maeneo kame yana chumvi na chokaa. Yakichemshwa kila siku huacha magaga kama yale yaonekanayo ndani ya birika kuukuu. Magaga hayo huziba rejeta na kuizuia thamostati kucheza. Kutu nayo hufanya vivyo hivyo. Mara nyingi thamostati iliyokwama ni ya gari lililonyweshwa maji ya kisima kwa miaka.

Tumia dawa iliyopendekezwa kwa gari lako ukiichanganya nusu kwa nusu na maji safi yaliyotoneshwa, isipokuwa ile inayouzwa ikiwa imeshachanganywa. Usichanganye aina mbili kwa kutazama rangi pekee, kwa kuwa rangi si kitambulisho cha kilichomo. Ukilazimika kutumia maji ya kawaida njiani, yatoe yote mara ufikapo na ujaze upya.

UKIPATWA NJIANI

Geji ikianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha na uwashe hita kwa joto la juu na feni yake kwa kasi. Ni adhabu kwa abiria, lakini hita ni rejeta ndogo na huweza kupunguza joto la kutosha kukufikisha mahali salama. Punguza mwendo.

Mshale ukifika kwenye nyekundu, taa ikiwaka au mvuke ukitoka, ondoka barabarani, zima injini, washa taa za tahadhari na uweke pembetatu za onyo. Abiria wakae mbali na barabara. Usifungue kifuniko. Subiri nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu uweze kushikika bila kuunguza. Ndipo ukifunike kifuniko kwa kitambaa kinene, ukizungushe kidogo na kuacha pumzi itoke kabla ya kukiondoa.

Maji baridi yasimwagwe kwa pupa ndani ya injini yenye moto wala juu yake. Chuma kilichopanuka kikipozwa ghafla hupasuka. Ongeza taratibu, na ikiwezekana tumia maji ya uvuguvugu. Ikiwa maji yanatoka kwa kasi ile ile unayoyatia, gari livutwe. Gharama ya kuvutwa ni ndogo ukilinganisha na kuchonga silinda hedi iliyopinda au kununua injini nyingine.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mfumo wa kupoza injini, ufa wenyewe huwa mdogo mno: kifuniko kilichochoka, mpira uliokauka, feni isiyozunguka au kikopo cha nta kilichokwama. Mwenye gari anayechungulia maji kila wiki asubuhi, anayebadilisha dawa ya rejeta kwa wakati na anayedai thamostati irudishwe mahali pake atasafiri kutoka Mombasa hadi Eldoret akiwapita waliosimama na mitungi.

Na fundi akikwambia kifaa hicho hakina kazi katika nchi ya joto, muulize swali moja kabla hajachukua spana: je, umeijaribu?